Kifungo Cheusi Ndani ya Kopo

Duka la vifaa vya ushonaji lilikuwa na mlango mmoja tu, na wiki ile ya kuelekea kufunguliwa kwa shule watu waliokuwa ndani yake wangetosha kujaza duka la milango kumi. Huyu anataka zipu, yule anataka lastiki, mwingine amenyoosha mkono juu na kipande cha kitambaa anapiga kelele, "Uzi wa rangi hii! Wa rangi hii, si huo!" Feni ya darini ilikuwa inazungusha joto tu.

Katikati ya msongamano huo alikuwepo binti mmoja mwembamba, amevaa gauni la bluu lenye maua madogo ya njano, kitambaa cha kichwa amekifunga mbiombio hata sikio moja limebaki nje. Kazini kwake walimwita Chiriku, maana mdomo wake haukujua likizo. Alikuwa ametumwa vifungo vya mashati, amekwisha kuvipata, mfuko ameukumbatia kifuani kama mtoto mchanga, na sasa anatafuta pa kutokea. Hapo ndipo kiwiko cha mtu kilipoupata ule mfuko.

Vifungo vikamwagika. Ungedhani mvua ya mawe imeshuka sakafuni.

"Jamani! Msinikanyagie! Asisogee hata mmoja!"

Watu, bila shaka, wakasogea. Ila mwenye kiwiko alikuwa amekwisha kupiga magoti, anaokota. Alikuwa kijana mrefu, shati la kaki, mikono ameikunja hadi juu ya viwiko, na nyuma ya sikio amechomeka chaki ya fundi.

"Nisamehe, dada. Sikukuona."

"Ungenionaje na urefu huo? Macho yako yako huko juu na feni."

Yule kijana akacheka bila kutoa sauti, mabega tu yakitikisika. Akaendelea kuokota, kimoja kimoja, anavipuliza vumbi kwanza ndipo avitie mfukoni. Chiriku aliona jinsi vidole vyake vilivyokuwa na subira. Mwishowe akaingiza mkono chini ya meza ya muuzaji, akatoa kifungo kikubwa cheusi, cha koti, chenye matundu manne na ukingo uliomeguka.

"Hicho si changu," Chiriku akasema. "Mimi vyangu ni vya mashati."

"Basi changu." Akakitia mfuko wa shati. "Kitakuwa ushahidi kwamba nilikuokotea. Siku ukinisema vibaya kwa watu, nitakitoa."

"Nitakusemaje na hata sikujui?"

"Utanijua," akasema yule kijana, na masikio yake mwenyewe yakapata moto kwa maneno hayo.

Jumatatu iliyofuata Chiriku alikuwa anafungua madirisha ya kiwanda alipomwona amesimama mlangoni, chaki nyuma ya sikio, ameletwa kuwa fundi mpya wa kukata.

Kilikuwa kiwanda kidogo cha kushona sare za shule, vyumba vitatu na ukumbi mmoja, watu kumi na wanne. Vyerehani vilipangwa safu mbili, na katikati palikuwa na meza ndefu ya kukatia iliyosuguliwa na vitambaa hadi ikang'aa. Pembeni alikaa mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, mpiga pasi, aliyeitwa Babu Pasi. Mwenye kiwanda alikuwa mama wa makamo, mnene, mwepesi wa miguu, na futi ya kupimia ilikuwa shingoni mwake asubuhi hadi jioni, hata wakamwita Mama Futi. Fundi mpya hakumaliza siku mbili kabla hajaitwa Mkasi.

"Chiriku na Mkasi," Babu Pasi alisema siku ya tatu, bila kuinua macho kwenye kola aliyokuwa akiinyoosha. "Mmoja hanyamazi, mwingine haongei. Mkioana mtakuwa mtu mmoja mzima."

"Babu, angalia usiunguze shati!"

"Shati haliungui, mjukuu wangu. Linaloungua naliona."

Mambo hayo hayakuchukua muda. Mkasi alianza kumwachia vipande vya mabaki vya rangi nzuri kwenye kikapu chake. Chiriku akaanza kuja na vikombe viwili vya chai badala ya kimoja. Jioni zikawa za simu.

"Umefika, laazizi?"

"Nimefika. Nimevua viatu, nimekaa, sasa niambie."

"Nikwambie nini tena? Tumeachana nusu saa tu."

"Niambie hicho hicho. Nina shangazi hapa ananitolea macho kwa vile nacheka peke yangu."

Na shangazi, aliyekuwa anachambua mchele kwenye ungo, alikuwa anatikisa kichwa. Ndiye aliyemlea Chiriku tangu mama yake alipofariki, na ndiye aliyejua mengi ambayo binti huyo hakuyasema kwa mtu.

Sasa nilieleze lile kopo, maana bila hilo hakuna ambacho kingetokea.

Mwaka mmoja kabla ya Mkasi kuja, mshonaji mmoja wa pale kiwandani alisimama katikati ya kazi, akaanza kulia, akatoka nje na hakurudi tena. Mama Futi aliumia sana, kwa vile alikaa naye miaka minne na hakujua lolote. Baadaye akaitwa kwenye mkutano wa wenye biashara ndogo ndogo, daktari mmoja akawazungumzia magonjwa ya moyo mzito na akili iliyochoka. Aliporudi alikusanya watu wake wote.

"Nimejiona mjinga," aliwaambia. "Cherehani kikipiga kelele nakimbia kukitia mafuta. Mtu akinyamaza, nasema huyu ana adabu. Sasa tufanye hivi. Kule chumba cha kubadilishia nguo, nyuma ya pazia, kuna sinia la vifungo na kopo la maziwa lenye kitundu kwenye kifuniko. Kila asubuhi kila mtu anatia kimoja. Cheupe, uko sawa. Cheusi, umeelemewa. Jina halitakiwi. Nikiona cheusi hata kimoja, siku hiyo vyerehani vinazimwa nusu saa, chai naleta mwenyewe, na nitapita meza kwa meza kumwuliza kila mtu hali yake. Anayetaka aseme, asiyetaka anywe chai."

Kazi ya kulibeba kopo kutoka nyuma ya pazia hadi mezani kwa Mama Futi, na kurudisha vifungo kwenye sinia, alipewa Chiriku, kwa kuwa ndiye aliyeshika ufunguo na ndiye fundi wa vifungo. Alipewa likiwa limefungwa alipeleke limefungwa. Lakini Chiriku ni Chiriku. Alikuwa anachungulia.

Ikaja tena ile miezi ya kuelekea kufunguliwa kwa shule. Mama Futi alipata oda mbili kubwa kwa pamoja. Watu wakaingia kabla jua halijakaa sawa na wakatoka limekwisha kuzama, hakuna Jumamosi, hakuna Jumapili. Mkasi ndiye aliyekuwa anaanza kila kitu, maana asipokata yeye, hakuna wa kushona. Alipungua. Shati la kaki lililokuwa linamkaa vizuri likaanza kuning'inia. Chaki akawa anaisahau juu ya meza.

"Una nini, mpenzi?" Chiriku alimwuliza kwenye simu.

"Sina kitu. Nimechoka tu."

"Nimekuudhi?"

"Hapana."

"Kuna mwingine? Sema tu, nije nimwone kama anajua hata kutunga uzi."

Zamani angecheka kwa mabega. Safari hii hakucheka.

"Hakuna mtu mwingine," alisema. "Nenda kalale, Chiriku."

Asubuhi ya pili yake, Chiriku alichungulia kopo akaona vyeupe kumi na vitatu, na kifungo kimoja kikubwa cheusi, cha koti, ukingo umemeguka.

Akakaa juu ya benchi la viatu, kopo mapajani.

Ni vizuri mjue alichokumbuka pale. Mama yake Chiriku alikuwa mfungaji wa biskuti katika kiwanda kimoja, miaka hiyo yeye bado msichana wa shule. Kuna siku mama huyo alimwendea msimamizi akamwambia kwamba halali usiku, kwamba mikono inamtetemeka na machozi yanatoka bila sababu. Msimamizi alimjibu kwa sauti nzuri kabisa, "Nenda kapumzike siku tatu, mama." Siku ya nne alipokwenda, alimkuta mtu mwingine amekalia kiti chake. Hakupata kazi nyingine iliyomfaa hadi anaingia kaburini. Tangu hapo Chiriku aliweka moyoni kwamba mwajiri akijua umeelemewa, anakutafutia mlango.

Na Mkasi alikuwa anajiandaa kwenda kujitambulisha kwa shangazi mara tu oda zikiisha. Mtu asiye na kazi atajitambulishaje?

Chiriku akakitoa kile cheusi, akatia cheupe. Akalipeleka kopo.

"Vyote vyeupe!" Mama Futi akashusha pumzi. "Na kazi yote hii. Nina watu wa chuma."

Vyerehani havikuzimwa. Mkasi alisimama mezani kwake, mkono juu ya mashine ya kukatia, akitazama mlango wa ofisi. Aliutazama muda mrefu. Kisha akainama akaanza kukata.

Chiriku alikirudisha cheusi kwenye sinia, chini kabisa ya vingine. Asubuhi iliyofuata kilikuwa tena ndani ya kopo. Akakitoa tena. Moyoni alijiambia, mimi nitamtibu. Akamletea maziwa, akamletea machungwa, akamfulia lile shati la kaki, jioni akampigia simu na kumtania hadi ulimi ukamkauka. Yeye anatania, mwenzake anaitikia "mm." Shangazi alimsikiliza siku moja akaweka ungo chini.

"Binti yangu, mbona unaongea kama mtu anayeziba mashimo?"

"Shangazi nawe."

"Haya. Mimi nimekaa kimya."

Siku zikaenda hivyo hadi Alhamisi moja, saa tano asubuhi, mshonaji wa safu ya kwanza alipoinua mikono miwili ya shati akaigeuza, akaigeuza tena, akaita, "Mkasi, kaka, hebu njoo. Hii yote ni ya kushoto?"

Mkata nguo akitandaza kitambaa hukipanga uso kwa uso, ili kila anapokata apate mkono wa kulia na wa kushoto. Hilo hata anayejifunza wiki ya kwanza analijua. Mkasi alikuwa amekitandaza chote uso juu, tabaka juu ya tabaka. Mikono mia tatu ya mashati, yote ya kushoto, na kitambaa cha rangi ile kilikuwa kimekwisha dukani.

Mama Futi alitoka ofisini mbio, uso umewaka. Lakini alipofika mezani akamwona Mkasi, mkono mmoja wa shati mkononi, anautazama kama mtu anayesoma barua ya msiba. Hasira yake ikakosa pa kukaa. Akajiketisha juu ya robota la kitambaa.

"Mwanangu, una nini? Hii si kazi ya mikono yako."

"Sijui, mama. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyeniudhi. Usiku silali. Mchana kichwa kama kimejaa pamba. Kuna asubuhi navaa kiatu kimoja, nakaa, nakosa nguvu za kuvaa cha pili."

"Na lile kopo nililiweka la nini? Ungetia cheusi, basi! Wala usingetamka neno."

"Nilitia."

"Lini?"

"Leo ni siku ya kumi na saba." Hakupandisha sauti. "Nilikuwa nikikitia, nasimama hapa, nasubiri vyerehani vizimwe. Havikuzimwa. Nikasema, ameona, ila ana oda. Sikukulaumu, mama."

"Mimi?" Mama Futi akashika futi shingoni kwa mikono miwili. "Mimi sijaona cheusi hata kimoja!"

Vyerehani vikanyamaza kimoja baada ya kingine. Babu Pasi akaisimamisha pasi yake. Hakuna aliyeuliza kopo hubebwa na nani. Kila mmoja alijua, na kila mmoja alijitahidi asimwangalie.

Mkasi aligeuka polepole.

"Chiriku. Ulikiona?"

Angeweza kukataa. Mdomo wake ulikuwa na maneno ya kutosha watu kumi, na leo alihitaji moja tu. Badala yake akaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni, akatoa kifungo cheusi ambacho hakuwahi kukirudisha kwenye sinia asubuhi hiyo, akakiweka juu ya meza, kando ya mikono ya kushoto.

"Nilikiona."

"Cha leo?"

"Cha siku zote."

Mkasi akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu asichoweza kukinunua. Akaenda nyuma ya pazia.

Chiriku alimfuata. Alimkuta amekaa kwenye lile benchi la viatu. Akamweleza habari za mama yake, biskuti, kiti, siku tatu, yote, maneno yakikanyagana.

"Niliogopa watakufukuza. Nilikuwa nakuficha, mpenzi wangu. Nilikuwa nakulinda!"

"Najua."

"Na wewe mbona hukuniambia mimi? Simu zote zile! Nimechoka tu, nimechoka tu!"

"Nilikwambia." Alizungumza taratibu, kila neno analivuta kutoka mbali. "Sinia lile lina vifungo vyeusi tele. Kwa nini nilikuwa natia kile? Nilijua utachungulia, nakujua. Nilijua ukikiona utajua ni mimi. Mdomo wangu ulinishinda, Chiriku. Jioni unanipigia, unanitania. Nikawa nasema, hata yeye amekiona na amepita."

"Sikupita! Nilikuwa nalia humu humu!"

"Ulikuwa unaniona nazama, ukawa unanifuta maji usoni ili watu wasijue." Akainuka. "Dakika ile nilipokuuliza, nilikuwa naomba useme hukukiona."

Kilichomvunja Chiriku zaidi alikisikia alasiri, kupitia ubao mwembamba wa ofisi. Mama Futi alipiga simu kwa wenye oda akaomba wiki mbili, akatukanwa, akavumilia. Kisha akamwambia Mkasi, "Kesho nitakupeleka kwa mshauri pale hospitali, nimekwisha kuongea naye. Halafu uende kwa dada yako ukakae hadi ulale usingizi wa kweli. Mshahara wako uko pale pale. Nitaweka mtu wa muda kwenye ile meza, lakini meza ni yako. Ukirudi, yeye anatoka."

Chiriku aliegemeza paji la uso kwenye ubao. Kumbe kiti kingeachwa wazi. Kumbe tangu siku ya kwanza kingeachwa wazi.

Mama Futi hakumfukuza. Alimwita, akamtazama sana, akasema, "Kopo nimempa Babu Pasi. Wewe rudi kazini." Ingekuwa nafuu angefokewa.

Jumapili alimsindikiza Mkasi stendi. Alivaa lile gauni la bluu la maua ya njano, na safari hii kitambaa cha kichwa alikifunga vizuri, masikio yote ndani. Mkasi alikuwa na begi moja na dawa zake katika bahasha.

"Utanipigia?"

"Nikiweza."

"Chukua hiki basi. Ushahidi wako." Akamnyooshea kile kifungo.

Mkasi alikitazama kiganjani mwa Chiriku, akavikunja vidole vya binti huyo juu ya kifungo, akavishika kidogo kwa mikono yake miwili yenye subira.

"Kaa nacho. Sijakusema vibaya kwa mtu, na sitakusema."

Akapanda. Hakugeuka, au kama aligeuka, kioo kilikuwa na vumbi.

Simu zilikuja kwanza kila wiki, kisha mara moja moja, Mkasi akisema machache tu: Nilipata usingizi saa tano mfululizo. Nimeanza kula. Mshauri ananiambia niandike. Chiriku alijifunza kusikiliza, kitu ambacho shangazi hakuwahi kudhani angekiona. Miezi minne ikapita. Jioni moja simu ikalia, na sauti ya upande wa pili ilikuwa ile ya zamani, yenye kicheko cha mabega ndani yake.

"Chiriku, nimepona. Au niseme, napona. Leo nimecheka hadi dada yangu akaja kuchungulia."

"Laazizi! Basi unarudi lini? Meza yako ipo, nimeifuta mwenyewe, yule wa muda anaweka kikombe juu yake tunagombana kila siku..."

"Sirudi. Nimepata kazi huku, karakana ya mapazia. Nimekwisha kuongea na Mama Futi."

Ungo wa shangazi ulisimama.

"Ni kwa ajili yangu?"

"Nikirudi, kila asubuhi nitakuangalia mikono kabla sijakuangalia uso. Hutaweza kuishi hivyo, na mimi sitaki uishi hivyo."

"Umenisamehe lakini?"

"Zamani sana. Ningekuwa sijakusamehe, ningerudi tugombane."

Chiriku alicheka, kicheko kikamgeukia njiani. "Nakupenda, Mkasi."

"Najua. Nami nilikupenda hadi nikakuachia kifungo." Kisha akauliza, "Umefika nyumbani salama leo?"

"Nimefika. Nimevua viatu, nimekaa."

"Haya. Lala vizuri, dada."

Dada. Ndivyo alivyomwita siku ile ya vifungo, sakafuni, kabla hawajajuana.

Asubuhi alifungua kiwanda kama kawaida. Akafungua madirisha, akapangusa meza ndefu, akaingia nyuma ya pazia. Alisimama mbele ya sinia muda mrefu. Kisha akatoa kwenye aproni kifungo kikubwa cheusi, ukingo umemeguka, akakisukuma kwenye kitundu. Hakikutaka kupita, akakigeuza, kikapita.

Babu Pasi alilibeba kopo likiwa limefungwa, kama alivyoagizwa, hakuchungulia.

Saa tatu na robo Mama Futi akatoka ofisini amebeba birika la chai kwa mikono miwili. "Zimeni," akasema. "Zimeni vyote." Vyerehani vikazima. Akaanza safu ya kwanza, meza kwa meza, anamimina, anainama, ananong'ona, anapokea majibu. Salama, mama. Tunashukuru, mama. Akafika kwa Chiriku. Akamjazia kikombe, akavuta kigoda akaketi karibu hata magoti yao yakagusana.

"Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo," Chiriku akajibu upesi, kama kila mtu ajibuvyo.

Mama Futi hakuinuka. Alikaa vile vile, birika mapajani, akimtazama. Nusu saa nzima ilikuwa yao.

"Hapana, mama," Chiriku akasema. "Leo ni mimi."